Hapana ya Bi Mwanakombo

Mkono wa kulia wa Sikudhani ulianza kuwa na mambo yake siku moja ambayo watu wa Mji wa Utulivu waliihesabu mara mbili, kwa sababu ilikuja asubuhi, ikaondoka, kisha ikarudi kuchukua kitu ilichokisahau. Siku za mji ule zilikuwa na tabia hiyo na hakuna aliyezishangaa. Watu walikaa vibarazani wakingoja siku iamue kama inakuja au inakwenda, na wakati huohuo Sikudhani aliinua sindano, akaielekeza kwenye kitambaa, na sindano ikakataa kutua. Haikuanguka. Ilicheza tu pale hewani, huku na huku, haraka na kwa adabu, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba asiyokuwa na hakika nayo. Mwingine angeogopa, na mwingine angemwita jirani. Sikudhani alisema, "Ala! Na wewe vipi?" kisha akasogeza kigoda karibu na dirisha ili aone vizuri.

Alikuwa mshona majina. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na miwili siku nyingi, na miaka saba siku chache, hasa zile siku alizomkumbuka mama yake. Katika mji ule jina la mtu halikuandikwa kwa wino. Lilishonwa kwenye kofia: matundu madogo yaliyotobolewa kwa sindano, kila tundu likazungushiwa uzi mweupe, na mpangilio wa matundu hayo ndio mtu mwenyewe. Wanaume kwa wanawake walivaa. Mlinzi wa lango, mzee Machano, hakuwa na haja ya kumtazama mtu usoni, alipitisha ncha za vidole kichwani, akafumba macho kidogo, akasema, "Pita, wewe ni fulani binti fulani." Kama kofia ilisema wewe ni fulani, basi ndiwe, hata mama yako mzazi akibisha.

Kosa la kwanza la ule mkono lilimpata bwana arusi mmoja aliyeitwa Vuai. Matundu matatu yalihama upana wa punje ya mtama. Vuai akavaa kofia yake, akapita langoni, na Machano akamsoma kuwa ni babu yake aliyekufa zamani. Basi akawa babu yake. Alipofika arusini aliketishwa kwenye mkeka wa wazee, bibi arusi akamwamkia shikamoo, na kioja ni kwamba alipoulizwa habari za njaa ya miaka ile alizijibu zote bila kukosea. Vuai mwenyewe hakulalamika sana, maana alipenda kuletewa uji wa moto. Aliyelalamika ni bibi arusi, na alikuwa na haki yake.

Kofia ikapelekwa kwa Watulivu. Hawa walikuwa watu watano waliokaa kwenye baraza ya mawe katikati ya mji, na sababu ya wao kutawala ilikuwa moja tu: hawakusogea. Mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota kwenye mkunjo wa joho la mmoja wao, naye hakuwafukuza. Walilishwa na watu wengine, walifunikwa mvua ilipokuja, na walipotaka kusema walifungua midomo kiasi cha kupitisha upepo. Watu waliwatazama wakasema, huyu asiyetikisika ndiye anayejua. Hakuna aliyeuliza anajua nini. Na sheria waliyoisimamia ilikuwa fupi: kinywa cha mtu kinaweza kusema uongo, mwili wake hauwezi. Ndiyo maana katika mji ule mtu akiulizwa jambo hakusikilizwa, alitazamwa.

"Bi Sikudhani," alisema Shaame, aliyekuwa mkubwa wao. "Mkono unaotetemeka ama unaogopa, ama unadanganya, ama si wa mwenyewe. Mkono huu ni wa nani?"

"Mpaka jana ulikuwa wangu, bwana."

"Na leo?"

"Leo sijui. Lakini ningependa sana kujua."

Pale barazani jibu la namna hiyo halikuwa limepata kusikika, na wale watano walilipima kwa muda ambao ulizeesha paka aliyekuwa anapita. Kisha mtumishi akamletea Sikudhani donge la uzi. Huo ndio ulikuwa muda wake. Katika mji ule muda ulitolewa kwa uzi, nao ulipungua wenyewe, uushone usiushone. Uzi ukiisha angerudi na jibu. Akikosa jibu, angetolewa langoni kama alivyotolewa mama yake, amwache bintiye Raya ndani, kwa kuwa Raya alikwisha kuulizwa akaukubali mji, na aliyeukubali haruhusiwi kutoka.

Hapa lazima Bi Mwanakombo, mama yake, atajwe, maana Sikudhani hakupata kuushika uzi ule bila kumwona.

Bi Mwanakombo alikuwa na kichwa kinachotikisika. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, polepole, kutwa nzima, isipokuwa akilala au akikiegemeza ukutani. Mikono yake ilikuwa imara, alishona matundu mazuri kuliko yote yaliyopata kushonwa, lakini kichwa kile kilikataa kila kitu. Akikaribishwa chai, kichwa kilisema hapana huku mkono unapokea kikombe. Akisifiwa mtoto wake, kilisema hapana. Wachokozi walimwita Bi Hapana, naye alicheka nao, na kichwa kikawa kinakikataa hata kicheko. Ilipofika zamu yake ya kuulizwa na Watulivu, "Je, unaukubali mji huu?" alijibu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Naukubali, bwana, naupenda, nimezaliwa hapa." Hawakusikiliza. Walitazama.

Langoni, Sikudhani wa miaka saba alimkumbatia magoti akamuuliza, "Mama, utarudi kunichukua?"

"Ndiyo, mwanangu. Nitarudi."

Na kichwa kikaenda kushoto, kikaja kulia. Hapana, hapana, hapana. Mtoto alikwisha kufundishwa, kama watoto wote wa mji ule, kwamba cha kuaminiwa ni mwili. Akaamini kichwa. Akaiachia kanga ya mama yake aliyokuwa ameishika, akageuka, akaenda nyumbani kwa shangazi yake bila kulia, na tangu siku hiyo alikuwa na uchungu wa mtu aliyeambiwa ukweli mapema mno. Miaka arobaini na mitano hakumsamehe mama yake. Tuseme wazi, alimchukia kidogo, na kila alipomchukia alitamani kunusa ile kanga.

*

Raya alikuwa mwanamke mzima mwenye ulimi mwepesi, na aliposikia habari ya donge la uzi alikuja na kibuyu cha maji, akaketi mbele ya mama yake, akamtazama mkono kama anavyotazamwa mgeni asiyeaga.

"Mama, unaogopa?"

"Siogopi. Nashangaa."

"Watu wanasema unaogopa."

"Hofu naijua, mwanangu. Hofu inakuja kwanza, halafu mkono unatetemeka. Huu unatetemeka kwanza, halafu hofu ndiyo inakuja kutazama kuna nini."

Wakaanza kuuchunguza. Sikudhani aliulaza mkono mapajani, nao ukatulia kimya, mpole kama mkono wa mtu yeyote. Akauambia uchukue kikombe, ukaanza. Kadiri ulivyokikaribia kikombe ndivyo ulivyozidi, na pale mdomoni, kwenye hatua ya mwisho kabisa, maji yalimwagika kifuani. Ajabu hiyo ilimfurahisha. Mkono haukutetemeka kwa kukaa. Ulitetemeka kwa kwenda. Akanywa kahawa chungu vikombe vitatu, akajuta. Akaacha kahawa, ukapungua kidogo. Jirani mmoja akamletea tembo la mnazi kwa siri, na baada ya mafunda mawili mkono ukatulia saa nzima akashona vizuri, lakini athari ilipokwisha ulirudi na hasira ya mtu aliyefungiwa nje, na Raya akalimwaga lililobaki. Akilala, Raya aliuangalia: hakuna kitu. Raya akimtazama sana: balaa. Uzi nao ulikuwa unapungua.

"Hebu chora," alisema Raya, akampa kipande cha mkaa.

"Nichore nini?"

"Chochote. Chora konokono."

Sikudhani akaanza katikati ya ukuta mweupe, akazungusha mstari kwenda nje, mzunguko juu ya mzunguko. Mstari ulitoka umejaa vilima. Raya alitaka kusema pole, lakini mama yake alikuwa amekwisha kusogea karibu mpaka pua inagusa chokaa. Vile vilima vilikuwa sawasawa. Havikuwa fujo. Kila kimoja kilikuwa na upana wa mwenzake, kana kwamba kuna mtu aliyevipima kwa tepu ya ushonaji. Sikudhani alikaa chini. Maisha yake yote alikuwa ameshona vitu vilivyopimwa, na akili yake haikuweza kukubali kwamba kitu kimepimwa hivi na hakuna aliyekipima.

"Raya, kuna mtu huko."

"Wapi?"

"Huko unakotoka huu mtetemo. Kuna mtu anafanya kazi."

Raya akasema loo, sasa mama amechanganyikiwa. Lakini alipoombwa alilishika donge la uzi. Sikudhani akafunga ncha yake kwenye kidole cha shahada, kidole kikacheza, uzi ukacheza, na badala ya kushuka ukaanza kupanda. Ulipanda kifundoni, ukapita kiwiko, ukafika begani, na Sikudhani akaufuata, kwa namna ileile ambayo mtu hufuata wazo, mpaka akajikuta kwenye ngazi ya mifupa nyuma ya shingo yake mwenyewe.

*

Ngazi ile haikuheshimu umri. Kwenye kipandio cha kwanza alikuwa na miaka saba na miguu mitupu. Kwenye cha tatu alikuwa na umri wa Raya, na cha tano kilimfanya kikongwe, akashika ukuta. Akaendelea. Huko juu aliona nyumba kubwa yenye madirisha mengi na mwanga, na kutoka humo sauti zilikuwa zikitoa amri: chukua, weka, inuka, sema. Alitaka kuingia humo, kwa kuwa alidhani mwenye nyumba kubwa ndiye mwenye makosa. Uzi ulikataa. Ulimvuta nyuma, chini ya ngazi, kwenye kijumba ambacho kuta zake zilikuwa zimekunjamana mikunjo kwa mikunjo kama nguo iliyokamuliwa. Mlango ulikuwa wazi.

Ndani alikaa mtu mwenye kofia isiyo na tundu hata moja. Tepu ilimning'inia shingoni. Mbele yake palikuwa na dirisha dogo, na yeye alichungulia, akapima, akasema neno, akachungulia tena, bila kupumzika.

"Karibu, kushoto kidogo, karibu sana, umepita, rudi, si wewe, mkono, wewe kaa, kulia, hapo, ah! umepita tena, kaa mwanangu, maji yapo, kushoto."

"Wewe ndiye unayeutikisa mkono wangu?"

"Mimi? Kulia kidogo. Mimi ndiye ninayeutuliza! Nautuliza tangu umezaliwa. Kijiko cha kwanza kilichofika mdomoni badala ya sikioni, nani alikifikisha? Kushoto. Nyumba kubwa husema chukua sindano. Haisemi vipi. Vipi ni kazi yangu mimi. Natazama mkono uko wapi, napima umebakisha kiasi gani, natuma neno. Kulia. Umepita."

"Sasa kwa nini unapita?"

Mpimaji alionyesha kwa kidevu. Mbele ya kijumba palikuwa na ukumbi mrefu, na kila neno alilotuma lilipita humo kabla ya kushuka kwenda mkononi. Sikudhani akasikiliza. Mpimaji alisema "kushoto," na ukumbi ukasema kushoto, kushoto.

"Mwangwi," alisema Sikudhani.

"Zamani haukuwepo. Natuma neno moja, linafika mara mbili. Mkono unatii mara mbili, unapita. Naurudisha. Na huko kurudisha nako kunafika mara mbili. Basi narudisha nilichorudisha. Mara sita hivi kabla mtu hajamaliza kuhesabu moja. Nikikaa kimya mwangwi unakaa kimya, ndiyo maana ukiulaza mapajani unatulia. Lakini ukitaka kitu, kushoto, ukikitaka sana, kulia, ukiwa na watu wanaokutazama, yaani hapo, kushoto, kulia, hapo nachoka kabisa."

Sikudhani alimhurumia. Alikuwa amekuja kumshika mwizi, akamkuta mfanyakazi. Alikaa kwenye sakafu ile iliyokunjamana akauliza maswali yake yote, moja baada ya jingine, na furaha ya kuuliza ilikuwa kubwa hata akasahau uzi.

"Kwa nini ukumbi umekuwa na mwangwi?"

"Sijui. Wapo wanaosema nguzo kadhaa za humu zimepungua. Wapo wanaosema nyumba ilijengwa hivi tangu msingi, ikangoja siku zake. Mimi fundi wa vipimo, siwezi kukudanganya."

"Ni hofu?"

"Hofu haikai huku."

"Ni adhabu?"

"Ya nani?"

"Basi ni nini?"

"Ni ugonjwa, mwanangu. Ugonjwa wa nyumba hii, kama macho yanavyougua na figo zinavyougua. Hautakuua. Utakusumbua, na utazidi taratibu. Zipo dawa za kuupunguza mwangwi, na wapo mafundi wanaothubutu kuingia ukumbini wenyewe. Kuumaliza kabisa, kushoto kidogo, hilo sijaliona."

Neno ugonjwa lilimwingia Sikudhani vizuri. Wengine hulia wakiambiwa hivyo. Yeye alilishika kama sindano iliyopotea siku nyingi ikapatikana kwenye pindo la gauni. Siku zote hizo alikuwa ameitwa mwoga, mwongo, mwenye shetani, na sasa alikuwa mtu mgonjwa wa mkono, basi.

"Na kazi hii," aliuliza, "nani alikuachia?"

"Tumerithiana. Kwenu ni kwa ukoo. Aliyekuwa kwa mama yako ni ndugu yangu. Mashaka hayahaya, ukumbi huuhuu. Ila yeye dirisha lake halikuwa la mkono. Lilikuwa la shingo."

Sikudhani alikuwa na miaka hamsini na miwili aliposikia maneno hayo. Yalipomalizika alikuwa na miaka saba.

"La shingo?"

"Kichwa ni kizito, mwanangu. Kinatafuta pa kukaa, hapo katikati. Kinapita. Unakirudisha, kinapita upande wa pili. Ndugu yangu maisha yake yote alikuwa anakitafutia katikati. Hakukataa kitu. Hakuwa na habari na maswali ya watu."

"Lakini siku ile langoni. Nilimuuliza kama atarudi kunichukua. Kichwa kilisema hapana."

"Kichwa hakikusema chochote."

"Nani alisema?"

"Nyumba kubwa ndiyo inayosema. Na maneno yake yanapita mdomoni. Wewe ulisikia nini mdomoni?"

Alilisikia neno lile sasa, likiwa zima, na joto lake, na harufu ya kanga: ndiyo, mwanangu, nitarudi. Lilikuwa limekaa sikioni mwake miaka arobaini na mitano na hakuna aliyelifungulia mlango. Alilia kwa sauti, mtoto na mtu mzima kwa pamoja, na Mpimaji, asiyejua kufariji, aliendelea kusema kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka uzi ukakaza kidoleni.

"Mama," ilisema sauti ya Raya kutoka mbali. "Uzi umekwisha."

*

Watulivu walikuwa walewale mahali palepale, ila vifaranga vya mbayuwayu vilikuwa vimeota manyoya. Mji mzima ulikuja. Vuai naye alikuja, akiwa bado ni babu yake, akaletewa kiti.

"Mkono huu ni wa nani?" aliuliza Shaame.

"Ni wangu," alisema Sikudhani. "Nimeupata kwa mama yangu, lakini ni wangu. Hauogopi wala haudanganyi. Unaumwa." Akawaeleza habari za kijumba na dirisha na mwangwi, akaeleza vizuri, kwa hamu ya mtu aliyetoka safarini, akageuka mara kwa mara kuwaonyesha watu jinsi mkono unavyotulia na jinsi unavyoanza. Watu wakaanza kusogea mbele. Fundi mmoja wa viatu akanyoosha mkono wake mwenyewe, akautazama, akaurudisha mfukoni haraka.

"Bwana Shaame," alisema Sikudhani, "nina jambo moja nataka kuliona, tafadhali. Nishikie sindano hii, kwa ncha ya uzi, hivi."

Aliinyoosha. Ilichezacheza kati yao. Hakuwa na kejeli, alitaka kujua kweli, kwa kuwa alikwisha kubahatisha kwamba mkono wa yeyote ukinyooshwa hewani hucheza kidogo. Shaame aliitazama sindano. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Hakuinua mkono, na wenzake wanne waliangalia mbele. Hapo Sikudhani akafahamu kwa nini watu hawa hawasogei, akawaonea huruma pia, maana walikuwa hawajachukua kikombe kwa mikono yao wenyewe kwa miaka isiyohesabika.

"Ondoa hiyo," alisema Shaame polepole. "Jibu la mkono tumelisikia. Tutakuuliza sasa lile tunalowauliza wote, maana zamu yako ilikuwa haijafika. Unaukubali mji huu?"

Swali lilimkuta akiwa na jibu. Aliupenda mji ule na siku zake sahaulifu na kofia zake, na Raya alikuwa ndani yake. "Naukubali," alisema.

Alisikia kitu kikifunguka nyuma ya shingo, kama dirisha lililokuwa limekwama. Kichwa kikaenda kushoto. Kikaja kulia. Kushoto tena.

Umati ukashusha pumzi. Sikudhani alijaribu kukishika kwa mkono, na mkono nao ukaanza, na hapo akacheka, kwa sababu alimtambua aliyefika. Alikuwa amemngoja tangu ana miaka saba.

"Amekataa," alisema Shaame.

*

Langoni mzee Machano alipitisha vidole kwenye kofia ya Sikudhani, ile aliyoshonewa na mama yake, ambayo haikuwa na tundu lililohama. "Sikudhani binti Mwanakombo," alisoma. Vidole vilikaa pale muda mrefu kuliko kawaida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako alirudi, unajua?"

Alisema hivyo kama mtu anayetaja mvua ya mwaka jana. Sikudhani alimshika bega Raya, aliyekuwa amemsindikiza.

"Alirudi mara tatu. Alisimama hapo nje, akasema nimekuja kumchukua mwanangu. Nikamuuliza kama sheria inavyotaka, unamtaka mtoto wako? Kichwa kikasema hapana. Nikafunga. Mara ya tatu alipiga magoti. Nikamuuliza, kikasema hapana. Nikashangaa sana, kwa nini mtu aje mbali hivyo kukataa." Akaondoa vidole kofiani. "Nimekaa hapa na mshangao huo siku zote hizi."

Sikudhani alitaka kumpiga. Mkono ulikuwa tayari. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameamini kichwa kilekile, akiwa karibu zaidi, akiwa ameshika magoti yake. Akamweleza Machano kwa maneno machache, dirisha la shingo, kutafuta katikati, na mzee akasikiliza huku uso wake unashuka.

Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na uso ule, alirudi kwenye kazi yake. "Sheria inataka nikuulize," alisema. "Lango halimfungukii asiyetaka. Unataka kutoka?"

"Ndiyo, mzee. Nakwenda kumtafuta."

Kichwa kikasema hapana.

Machano alibaki na mkono kwenye komeo. Watulivu walikuwa wamesema atoke, na sheria ilisema huyu hataki kutoka. Aliuliza mara ya pili, kichwa kikajibu vilevile. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini siku sheria itakapojikunja namna hiyo. Alimtazama Sikudhani, akatazama mahali pale nje ambapo mwanamke aliwahi kupiga magoti. Midomo yake ilitetemeka, na huo haukuwa ugonjwa. Mwishowe alifanya kile alichozoea kufanya akitaka kusoma vizuri. Alifumba macho.

"Sema tena, mwanangu."

"Ndiyo. Nataka kutoka."

Akafungua.

Nje palikuwa na uwanda mweupe na siku isiyoamua bado kama inakuja. Sikudhani alimpa Raya sindano, na sindano ikacheza kati ya vidole vyao mpaka ilipopokewa. Alikwisha kuvuka kizingiti Raya alipomwita, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwanamke mzima hata kidogo.

"Mama, utarudi kunichukua?"

"Ndiyo, mwanangu. Nitarudi."

Na kichwa, kikitafuta katikati yake, kikaenda kushoto, kikaja kulia. Raya alikitazama. Kisha akafumba macho.

"Nimesikia, mama," alisema.